Ushauri: mdogo wangu amekiri kusaidia kuficha maiti, hukumu iko karibu (Mombasa)

Bint_Mshomoroni

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima. Naomba ushauri wa watu wanaoijua korti, maana nyumbani kila mtu ana jibu lake na hatusikilizani tena.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mamangu, alikuwa dereva wa tuktuk ya mtu. Usiku mmoja mwenye tuktuk alimpigia simu aende kwake upesi. Alipofika alikuta mtu ameshakufa. Mdogo wangu hakuua, hilo hata upande wa mashtaka wamelikubali. Lakini alisaidia kuufunga mwili kwenye turubai, wakaupakia, akaendesha hadi timbo moja lililoachwa huku nyuma ya Utange na wakaushusha huko. Akaosha tuktuk, akarudi nyumbani. Aliposhikwa, yeye ndiye aliyewapeleka polisi pale.

Mwanzo walishtakiwa wote wawili kwa mauaji, Mahakama Kuu hapa Mombasa. Yuko rumande Shimo la Tewa tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Sasa wakili wake na upande wa mashtaka wamekubaliana aondolewe shtaka la mauaji, akiri la kumsaidia muuaji baada ya tendo. Amekiri. Jaji ameagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kutoa hukumu. Kesi ya mwenye tuktuk inaendelea peke yake.

Ninayouliza ni haya. Anaweza kufungwa miaka mingapi? Ami zangu wanataka afisa wa probesheni aambiwe kwamba mdogo wangu alishikiwa kisu usiku ule. Pia wanachanga pesa wawatume wazee kwa mjane wa marehemu, amwandikie jaji barua ya kusamehe. Na mamangu kila siku analia neno moja: mke wa yule bwana alifua nguo zenye damu, mbona yeye yuko kwake na mwanawe yuko ndani?

Mzee wa Kongowea

Pole kwa mamako. Marehemu naye alikuwa na mama. Mtu anayembeba binadamu mwenzake usiku na kumtupa timboni, kisha akarudi kulala, mimi simwonei huruma. Aliposimama kwenye mataa angeweza kukunja kona akaenda kituo cha polisi. Nasema hivi nikiwa na watoto wa rika lake.

Wakili_Pwani

Dada, mimi ni wakili ila si wakili wenu, kwa hiyo wa kwenu akisema tofauti msikilizeni yeye, ana faili mkononi.

Kosa alilokiri liko kifungu cha 222 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Adhabu yake ni kifungo cha miaka saba. Lakini sheria inasema "atastahili" miaka saba, na mahakama za Afrika Mashariki tangu kesi ya Opoya ya mwaka 1967 zinasoma neno hilo kuwa ni kiwango cha juu kabisa. Jaji anaweza kutoa saba, anaweza kutoa miwili. Asichoweza ni kuvuka saba. Hilo pekee ni tofauti kubwa na alikokuwa, kwa sababu kifungu cha 204 kinaweka adhabu ya kifo kwa mauaji. Ni kweli uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, uliwaondolea majaji ulazima wa kutoa adhabu hiyo, lakini bado ipo kitabuni, na vifungo vya miaka ishirini au thelathini kwa mauaji vinatolewa.

Kuhusu muda aliokaa ndani: kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka jaji auhesabu muda wa rumande. Wakili aliombe hilo kwa kinywa na jaji alitamke kwamba kifungo kinaanza siku aliyokamatwa. Lisipotamkwa, huko gerezani mtahangaika nalo. Na mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa thuluthi. Mfano tu: akipewa miaka minne kuanzia siku ya kukamatwa, ni miezi 48. Ondoa thuluthi, inabaki 32, na sehemu kubwa ya hiyo ameshaikaa.

La mama nitamjibu baadaye, ni swali zito kuliko anavyodhani. La kisu nataka kwanza nisikie kutoka kwako: kilikuwepo au hakikuwepo?

Bint_Mshomoroni

Ahsante sana wakili. Niliyoyasikia kwa mdogo wangu mwenyewe, nilipoenda kumwona, ni kwamba yule bwana alimwambia, "Ukinitaja nitakumaliza wewe na mamako." Kisu hakukitaja hata mara moja. Cha kisu kimeanza kwa ami yangu.

Kijana_wa_Likoni

Mimi nasema sema kisu. Korti ni mchezo wa maneno, kila mtu anajitetea. Nani alikuwepo?

Wakili_Pwani

Ndugu wa Likoni, ushauri huo unaweza kumrudisha kijana kwenye shtaka la mauaji, nawe hutakuwa pale kumtoa.

Kifungu cha 16 kinamwondolea mtu lawama ikiwa alilazimishwa na mwenziwe kwa tishio la kuuawa au kuumizwa vibaya papo hapo, na tishio hilo liwe juu yake muda wote anapotenda. Kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba tishio la madhara ya baadaye halimwondolei mtu kosa lolote. "Nitakumaliza" ni la baadaye. Kijana aliendesha tuktuk mwenyewe, barabarani, akalala kwao, akaamka.

Sasa tazama mtego. Ameshakiri. Ripoti ikimfikia jaji ikisema alishikiwa kisu, jaji atauliza: huyu amekiri au anajitetea? Akiona ungamo lina utata anaweza kulifuta na kuandika kwamba amekana. Hapo makubaliano yamevunjika na upande wa mashtaka hawadaiwi tena kitu. Lile tishio la kweli lisemwe kama lilivyotokea, kwa maneno yale yale, halafu jaji alipime. Haliondoi kosa, ila kwa kijana mdogo aliyekula kwa mkono wa bosi wake lina uzito wake.

Bi Mwanasha (mstaafu)

Mwanangu, nilikuwa afisa wa probesheni miaka mingi kabla ya kustaafu. Acha nikueleze kitakachotokea, huenda mkaacha kugombana.

Afisa ataanza gerezani, azungumze na mdogo wako peke yake. Kisha atakuja kwenu, na mara nyingi hatawaambia siku. Atakaa na mama, atatoka nje aulize jirani, atampigia mzee wa mtaa na chifu, na akiweza atawafikia wa upande wa marehemu. Nilikuwa nikifika nyumba nikaona watu saba wananipa hadithi moja kwa maneno yale yale, hata pumzi wanavuta mahali pamoja, naandika kwamba familia imejipanga. Sentensi hiyo moja ikiingia kwenye ripoti, mema yote mliyoyasema yanakuwa na doa.

Anachotafuta ni mambo machache. Alikuwa mtu gani kabla ya usiku ule? Ana pa kurudi? Mtaa utampokea ama utamchoma? Na kubwa kuliko yote, analielewa alilolifanya, au anajililia yeye? Hili la mwisho hatufundishi mtu. Anakuja nalo ama haji nalo.

Nina swali nawe, na samahani kwa kuuliza mbele ya watu. Umesema alibeba, akaosha tuktuk. Siku ngapi zilipita hadi akakamatwa, na katikati ya siku hizo alifanya nini? Jaji atalitazama hilo kuliko usiku wenyewe.

Bint_Mshomoroni

Bi Mwanasha, umegonga palepale ambapo sisi nyumbani hatupataji.

Zilikuwa wiki kadhaa. Simu ya marehemu yule bwana alimpa mdogo wangu aitupe. Kabla ya kuitupa, alimwambia amwandikie mke wa marehemu ujumbe. Mdogo wangu ndiye aliyeandika. Ulisomwa kortini siku ya kukiri: "Nimepata kazi Malindi, simu haina chaji, nitarudi mwisho wa mwezi, wabusu watoto." Akaizima, akaitupa majini pale Tudor.

Yule mjane alikuwa amekaa benchi ya mbele yangu. Aliposikia kwamba ni mdogo wangu aliyeandika "wabusu watoto", aligeuka akatutazama sote, mmoja mmoja. Mamangu alivuta buibui akajifunika uso.

Um_Swaleh

Nilitaka nipite bila kuandika. Nimeshindwa.

Sisi tulimpoteza kaka kwa njia karibu na hiyo, si Mombasa mjini, ni mbali kidogo. Watu wawili walifungwa kwa kumwua, wa tatu kwa kuficha. Nawaambia kitu ambacho nje hakieleweki: aliyetuumiza kwa muda mrefu zaidi ni yule wa tatu. Kifo ni cha Mungu, tulikipokea. Lakini tulikuwa tukienda mochari kila wiki, tunafunuliwa nyuso za watoto wa watu. Tulipompata hakuwa mtu wa kuoshwa. Sheikh alisema maji hayatawezekana, akafanyiwa tayamamu juu ya kitambaa. Mamangu hakumwona uso. Na kwa sababu ya muda uliopita, daktari aliyepasua mwili hakuweza kusema kwa uhakika nini kilimwua, na mawakili wa wale wawili wakaushikilia mwanya huo, karibu wateja wao waponyoke.

Yule mjane wenu, dada, wakati mumewe yuko timboni alipaswa awe ndani ya eda. Yeye alikuwa akiuliza watu wanaoshuka matatu za Malindi. Mdogo wako alimnyima hata kulia kwa wakati wake.

Kwa hiyo la wazee na pesa, nakuomba usiliruhusu. Kwetu walikuja. Watu wanane wenye kanzu safi, wakakaa ukumbini, wakaweka bahasha juu ya meza ya chai, wakasema mambo ya subira na ujirani. Tulikuwa hatujamaliza hata deni la mazishi. Mamangu aliona wanamwekea bei mwanawe. Alikuwa ameshaandaa moyo wa kunyamaza kortini, lakini baada ya siku ile alikwenda akasema yote.

Mzee wa Kongowea

Um_Swaleh, Mungu amrehemu kakako, na awape subira.

Wakili_Pwani

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana.

Niongeze upande wa sheria hapo hapo. Mjane si mtazamaji katika kesi hii. Katika makubaliano ya kukiri kosa, vifungu vya 137A na kuendelea, upande wa mashtaka hutakiwa kumpa mwathiriwa au familia yake nafasi ya kutoa maoni. Kabla ya hukumu anaweza pia kutoa taarifa ya namna alivyoumia, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inalinda sauti yake. Mkimfuata kwa bahasha kabla ya siku hiyo, mnaonekana mnachezea shahidi, kwa sababu huenda yeye ni shahidi pia katika kesi ya mwenye tuktuk. Hilo ni kosa jipya, na linaweza kumwangukia ami yako mwenyewe. Familia ikitaka kuomba radhi, wakili wenu amwulize mwendesha mashtaka, naye amwulize mjane kama anataka kuwasikia. Akikataa, mwacheni.

Sasa mama. Kifungu cha 396 kinaeleza nani ni msaidizi baada ya tendo: anayempokea au kumsaidia mkosaji, huku akijua kwamba huyo ametenda kosa, ili mkosaji akwepe adhabu. Kisha sehemu yake ya pili inamtoa mke anayemsaidia mumewe, na mume anayemsaidia mkewe. Kwa hiyo yule bibi kwa kufua nguo za mumewe hashikwi na kosa hili. Mama mzazi hakutolewa. Ndugu hakutolewa. Dereva wa tuktuk wala hafikiriwi. Mimi binafsi naiona sheria hiyo imebaki nyuma: haimwulizi mke alijua nini na alifanya nini, inauliza kama ameolewa. Lakini ndiyo iliyopo. Mama akisimama kwenye varanda ya korti kumlalamikia yule mwanamke, hampunguzii mwanawe hata siku moja.

Kijana_wa_Likoni

Na hawezi kupewa kifungo cha nje? Kosa la kwanza, umri mdogo, amewaonyesha polisi mahali. Kuna watu wameiba mamilioni wanafagia barabara.

Wakili_Pwani

Mlango haujafungwa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu amri hiyo pale jaji anapoona kifungo kinachofaa hakizidi miaka mitatu, hata kama kosa lenyewe lina adhabu kubwa zaidi. Probesheni nayo ipo, kati ya miezi sita na miaka mitatu. Kwa kosa lililozunguka mauaji, na lile la ujumbe likiwa kwenye rekodi, majaji wengi husita. Lakini muda aliokaa rumande ni mrefu, na jaji anaweza kusema ameshaonja kifungo, aliobaki nao autumikie nje. Wakili aliombe. Asilitegemee.

Bi Mwanasha (mstaafu)

Hapa nitasema kama mama, na Wakili atanisahihisha.

Ule ujumbe ndio kesi yenyewe sasa. Kubeba, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeitwa usiku na bosi anaweza kubeba kwa woga, akili haijarudi. Lakini kuandika "wabusu watoto" kunataka mtu akae, afikirie mke huyu atatulizwa na neno gani. Jaji ni binadamu, amelisikia likisomwa. Mkimletea barua ya imamu, barua ya chama cha tuktuk, cheti cha madrasa, na hakuna popote mtu amelitaja lile neno, barua zote zitaonekana zinapita kando ya maiti.

Nenda umwone mdogo wako. Usimfundishe la kusema. Mwulize tu kuhusu ule ujumbe, kisha unyamaze umwache. Kama analo la kusema, amwambie afisa wa probesheni siku akija, na siku ya hukumu aombe ruhusa alisema mwenyewe kwa Kiswahili chake. Barua leteni, lakini chache, za watu wanaomjua kweli: fundi aliyemfundisha kazi, mwalimu, jirani aliyemwona akikua. Barua ya mheshimiwa fulani aliyeletewa jina jana haisaidii kitu.

Bint_Mshomoroni

Nimerudi kutoka Shimo la Tewa.

Nilimwuliza. Alikaa kimya hadi askari akaanza kutuangalia saa. Kisha akaniambia neno la watoto halikutoka kwa bosi. Bosi alimwambia aandike tu kwamba yuko Malindi. La watoto aliliongeza yeye, kwa sababu alishawahi kumbeba marehemu na watoto wake kwenye tuktuk siku ya Idi, akawa anawajua. Alisema kila usiku analisikia. Sikumjibu, sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba afisa wa probesheni atakuja, amweleze hivyo hivyo alivyonieleza.

Wakili, je, hilo si litamzidishia? Hakuna anayelijua.

Wakili_Pwani

Linaweza. Sitakudanganya. Jaji anaweza kuliona kama ukatili wa ziada. Anaweza pia kuliona kama kijana aliyewaonea huruma watoto kwa njia mbovu kabisa. Wakili wake alijue leo, kabla ya afisa, kisha yeye na mdogo wako waamue. Huo ni uamuzi wa mshtakiwa, wala si wako wala wa ami zako, wala wetu humu. Ana haki ya kunyamaza kwa jambo ambalo halijaulizwa. Asichokuwa nacho ni haki ya kudanganya akiulizwa.

Um_Swaleh

Ningekuwa yule mjane ningetaka kujua. Ningemchukia zaidi siku ile, labda na mwaka mzima. Lakini ningetaka kujua kwamba aliyeandika aliwajua wanangu.

Mzee wa Kongowea

Binti, nilisema simwonei huruma na bado sijabadilika sana. Lakini mwambie mamako aende kortini siku hiyo, asibaki nyumbani kwa aibu. Akae nyuma, mbali na yule mjane, asimkabili wala asimlilie. Na mwende mapema, siku za hukumu ukumbi hujaa watu wa kesi nyingine.

Bint_Mshomoroni

Ahsanteni nyote. Ami zangu nimewakalisha jana baada ya Isha, nikawasomea jibu la wakili la kuchezea shahidi. Mkubwa wao amekasirika, akasema mimi ni mwanamke na mambo haya ni ya wanaume. Mdogo amerudisha pesa za watu. La kisu limekufa. Kisheria nina swali moja la mwisho: akipewa miaka saba kamili, tunaweza kukata rufaa?

Wakili_Pwani

Kwa aliyekiri kwa makubaliano, kifungu cha 137L kinafunga rufaa isipokuwa juu ya kiwango au uhalali wa adhabu. Kwa hiyo ndiyo, juu ya kiwango mnaweza, lakini hamtaweza kurudi kusema hakutenda. Siku ni 14 tangu hukumu isomwe. Wakili aombe nakala ya hukumu siku hiyo hiyo, msitoke kwenye jengo kabla karani hajawapa risiti ya ombi.